Pipa la Mke Wangu

Machi 4

Amekula: chai, nusu kikombe.

Daftari hili nimepewa na muuguzi wa zahanati. Ameniambia niandike kila siku mama mkwe wangu amekula nini, ili akipita aone. Ukurasa ni mkubwa na chai ni kidogo, kwa hiyo nitaandika na mengine.

Mke wangu tulimzika mwezi uliopita. Kichwa kilianza kumuuma Alhamisi akiwa kazini, Jumapili hakuwepo tena. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mageti mengi ya mtaa huu ni mkono wake. Mimi ni fundi viatu. Watu walitutania kwamba nyumba yetu ina chuma na ngozi, imekosa seremala tu. Hatukujaliwa mtoto. Mama yake, ambaye naye alizaa huyo mmoja basi, alihamia kwetu miaka sita iliyopita. Sasa tumebaki mimi na yeye.

Tangu mazishi amelala chumba cha pembeni, ameugeukia ukuta. Nikimsemesha ananijibu kwa adabu zote: "Asante, baba. Nimeshiba." Ameshiba nini, sijui.

Machi 5

Amekula: hakuna. Mvua ya kwanza.

Machi 7

Amekula: uji, vijiko vitatu. Vikarudi.

Jirani yetu humsaidia kuoga, maana mimi ni mkwe, siwezi. Mtaa mzima unamwita Bi Kengele, kwa sababu akianza kusema hata mbwa hunyamaza wamsikilize. Leo amenikuta mlangoni na bakuli la uji.

"Soli, uji huu umeupika wewe?"

Soli ndilo jina langu la utani.

"Ndiyo."

"Basi nampa pole mgonjwa. Gundi hii, ungebandikia viatu."

Sijui kwa nini mke wangu alimpenda mwanamke huyu. Kelele zake zinanichosha.

Machi 10

Amekula: hakuna. Lakini ameomba kitu.

Muuguzi alikuja mchana. Alimpima mkono kwa utepe, akakaa kitandani, akamuuliza, "Mama, roho inataka nini?"

Mama akasema akiwa bado ameuangalia ukuta, "Mbavu. Zile za moshi."

"Zile za kuuzwa?"

"Za mwanangu."

Nilimsindikiza muuguzi hadi nje. "Mpe," akasema.

"Aliyekuwa akizipika ndiye tuliyemzika."

"Nimesikia, kaka. Mpe hivyo hivyo. Mgonjwa wa namna hii akitaja kitu kwa mdomo wake, hata yawe mawe, unayasaga unampa." Akafungua mwavuli, akaufunga tena, akanisogelea. "Sikufichi. Mwili wake umeanza kujila wenyewe. Akiendelea hivi, mvua hizi hatazimaliza."

Pipa lipo uani, chini ya dirisha la mama, juu ya matofali matatu. Mke wangu alilitengeneza mwenyewe kwa pipa la zamani la mafuta. Alilikata kwa urefu, akatia bawaba, akaweka wavu ndani, dohani fupi upande mmoja, na upande wa pili tundu la hewa lenye kibati cha kusogeza. Jumamosi moja ya kila mwezi alipikia humo mbavu za nguruwe kwa mkaa na vipande vya mti wa mpera, moshi wa taratibu, tangu asubuhi hadi jua linapogeuka. Mimi nilikuwa barazani na nyundo yangu. Niliwasikia wakiitana, yeye nje, mama ndani, neno moja moja, halafu kicheko. Sikuwahi kusikiliza walichokuwa wakisema. Kazi yangu ilikuwa kula.

Machi 11

Amekula: chai, mafunda mawili.

Machi 14

Amekula: hakuna.

Nimeliandaa pipa. Mvua imeanza kulitia kutu, na kwangu kitu chenye kutu ni kitu kilichotupwa. Nimelisugua nje na ndani kwa sabuni na brashi ya waya hadi masizi yote yakatoka. Maji meusi yalipita uani kama wino. Chuma kilipoanza kung'aa nilifurahi. Kisha nikakaa chini palepale kwenye maji, nikaelewa kwamba ile ilikuwa miaka sita ya Jumamosi zake, na mimi nimeimwaga mferejini kwa ndoo mbili.

Ili lisipate kutu tena nimelipaka dawa ya viatu, nyeusi, kila mahali, kifuniko nje na ndani, nikalipiga brashi. Linameta kama kiatu cha bwana harusi.

Tena nimelihamisha. Nimelipeleka mwisho wa ua, kwenye ukuta wa nyuma. Mgonjwa na moshi, wapi na wapi.

Machi 15

Amekula: hakuna.

Asubuhi nilikwenda buchani. Mwenye bucha alinitambua.

"Wewe ndiye mume wa Fundi."

"Ndiye."

"Pole sana. Yule alikuwa anachagua mbavu kama anachagua mchumba. Anazigeuza, anazinusanusa, anazirudisha. Wewe unachaguaje?"

"Nichagulie wewe."

Alinifungia ubao mzima wa mbavu, mpana kama kitabu kilichofunguliwa, akaniambia nivue utando wa nyuma, la sivyo utakaza. Hiyo kazi naijua. Ncha ya kisu, kidole, vuta. Ulitoka mzima kama bitana ya buti. Nikapaka chumvi, sukari na pilipili manga, nikawasha mkaa upande mmoja, nyama nikaiweka upande wa pili kama nilivyomwona akifanya. Nilivaa glavu zake za kazi. Ni ndogo kwangu, na zimebaki zimekunjika kama vidole vyake, hata nikizivua hazinyooki.

Hapo nikaanza kusikia harufu. Siyo ngeni. Ni harufu ya baraza langu la kazi siku ya jua kali. Nilipofunua, dawa ya viatu ilikuwa imeyeyuka kwenye kifuniko na inadondokea nyama, tone baada ya tone.

Bi Kengele akachungulia juu ya ukuta. "Soli, unapika au unang'arisha?"

Akazunguka akaingia, akainua nyama kwa koleo, akainusa, akaiangalia chini kama anatafuta chapa. "Hii namba ngapi? Maana mimi navaa saba."

Nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha kicheko kikageuka mikononi mwangu, nikawa nalia mbele ya mwanamke yule nikiwa nimevaa glavu za marehemu, na yeye, ajabu, hakusema neno. Alishika tu ile nyama ya viatu mpaka nilipomaliza.

Nilimwambia mama zimeharibika.

"Hakuna neno, baba," akasema. "Asante kwa kujisumbua."

Machi 16

Amekula: maji.

Machi 19

Amekula: chai, robo kikombe. Nimewasha moto mkubwa ndani ya pipa tupu ili dawa iungue yote. Imeungua. Mvua.

Machi 22

Amekula: kipande kimoja, akakitoa.

Mkaa ulikuwa umeloa. Ulikataa kushika, ukashika, ukatoa moshi mweupe, mzito kama pamba. Kila mara nilifunua kifuniko kuangalia, kama mtu anayemfunua mtoto mchanga aone bado anapumua. Jioni mbavu zilikuwa nyeusi nje, na karibu na mfupa zilikuwa bado na damu.

Nilikata penye afadhali, kipande kama kidole gumba, nikampelekea. Alikaa kitako kwa ajili hiyo. Bi Kengele alimshika mgongo. Alikitia mdomoni, akafumba macho, nami nikasimama pale na sahani kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa. Kisha akachukua kitambaa, akakitoa, akakikunja vizuri.

"Chungu," akasema. Halafu haraka, "Nisamehe, baba. Umejitahidi."

Natamani angenitukana.

Machi 23

Amekula: maji.

Machi 29

Amekula: maji yenye sukari. Mvua tangu asubuhi. Mwenye bucha hakufungua.

Aprili 5

Amekula: hakuna.

Safari hii niliogopa ubichi, nikajaza mkaa. Mafuta yalidondoka, moto ukaruka ukashika nyama, na nilipofika na maji mbavu zilikuwa zimebaki fimbo nyeusi. Ninapata wapi ujasiri wa kumwambia mara ya tatu? Sikumwambia. Hakuuliza.

Aprili 8

Amekula: maji.

Nilipoingia kuchukua kikombe aliniita.

"Baba, mimi hapa nakaa kama nani sasa?"

"Kama mama."

"Mama wa nani?"

Nilichukua kikombe, nikakirudisha palepale.

"Sikulaumu," akasema. "Kilichotuunganisha tumekizika. Unahangaika na mtu asiye wako. Acha sasa."

Nilitoka nikakaa barazani. Nilipigilia misumari kiatu cha mteja, nikaja kugundua nimekipigilia kwenye kiti.

Aprili 9

Amekula: hakuna.

Aprili 12

Amekula: maji. Leo nimetoboa tundu jingine kwenye mkanda wangu.

Aprili 15

Amekula: maji, kwa kijiko.

Muuguzi alimpima mkono. Aliukunja utepe polepole, akausoma ukurasa huu wa mbele na wa nyuma, akanirudishia daftari kwa mikono miwili. Mlangoni nikamuuliza, "Siku ngapi?"

"Mimi sihesabu siku za watu," akasema. "Lakini ukiwa na ndugu wa kuwaita, waite."

Hana ndugu. Ana mimi.

Bi Kengele alikuwa anaanua nguo. "Soli," akasema, taratibu kuliko nilivyowahi kumsikia, "mwache mama wa watu apumzike. Siyo kila kilichochanika kinashonwa."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia aende akapige kelele kwake. Akaenda.

Aprili 17

Amekula: hakuna. Nyumba kimya. Bi Kengele ameingia, amemwogesha mama, ametoka bila kunisalimu.

Aprili 20

Amekula: matone. Ninamlowesha midomo kwa kitambaa. Ameanza kuongea na mwanawe usingizini, nami nasikiliza kwenye mlango kama mwizi. Alisema, "Ngoja kidogo, bado." Sijui nini kilikuwa bado.

Aprili 23

Amekula: matone.

Aprili 25

Amekula: matone.

Nimenunua mbavu. Mwenye bucha aliniangalia, akazichagua muda mrefu, akazifunga. "Za mwisho?" akauliza. Alimaanisha za mwisho za siku. Nikasema ndiyo.

Sina mkaa mkavu. Mtaa mzima hakuna mkaa mkavu.

Aprili 26

Alfajiri mvua ilivunja mfereji wa nyuma. Mwisho wa ua kote kulikuwa maji ya magoti, na pipa linaelea kwa upande mmoja kama mtu anayetaka kuinuka. Nilipapasa mkaa wangu, ulikuwa tope. Nikasimama pale na ndoo, nikasema kwa sauti, "Basi. Nimeshindwa." Nilimwambia mke wangu. Nilimwomba radhi.

Hapo mlango wa ua ukafunguliwa. Bi Kengele, gunia kichwani, mfuko wa nailoni juu yake.

"Mkaa huu nilikuwa naulalia," akasema. "Tangu ile siku uliyonifukuza nimeuweka chini ya kitanda, kando ya jiko. Mgongo wangu umekuwa mweusi, bwana atafikiri ameoa chungu."

"Bi Kengele, yale niliyosema..."

"Shika gunia. Shingo inavunjika."

Tulilivuta pipa kutoka majini. Pa kuliweka hapakuwepo ila mahali pamoja tu: ukingoni mwa paa, chini ya dirisha la mama, palepale penye matofali yake matatu. Sikutaka. Nilifunga dirisha, lakini komeo lilikuwa limelegea, upepo ukalifungua. Nilitundika shuka, upepo ukalichukua. Mwishowe nikasema kupitia dirishani, "Mama, nisamehe, kutakuwa na moshi. Ni leo tu."

Niliwasha. Nikaweka mbavu. Nikafunga. Moshi ukatoka, na upepo ukaupeleka wote ndani kwa mgonjwa. Nikasikia anakohoa. Nikashika mpini ili nizime kila kitu.

"Mweupe."

Nilidhani ni Bi Kengele. Bi Kengele alikuwa mbele yangu, mdomo wazi, hatoi kitu.

"Mama?"

"Huo moshi ni mweupe." Sauti ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza. "Umeunyima pumzi. Sogeza kibati."

Nilikisogeza. Tulingoja.

"Mpera uko wapi? Hapa nanusa mkaa mtupu."

Sikuwa nimeweka hata kipande. Nilikumbuka rundo la mke wangu chini ya ngazi, vipande amevipanga kwa ukubwa. Nilikwenda mbio. Nilipovitia nikachungulia kidogo nyama inaendeleaje.

"Usifunue."

"Sijafunua, mama."

"Nimesikia bawaba, we mtu. Unanidanganya na bawaba inalia? Funga, uondoe mkono."

Miezi miwili nimekuwa naitwa baba na kushukuriwa. Niliondoa mkono.

Bi Kengele akaniminya bega. "Kakuita we mtu," akanong'ona. "Mshukuru Mungu."

Baadaye nikathubutu. "Mama, ndivyo mlivyokuwa mnafanya? Wewe na yeye?"

"Hakukuambia?"

"Nini?"

"Yule hakuwa na pua. Moshi wa kuchomelea uliimaliza, zamani, hata hujamwoa. Hakuwa anasikia harufu ya chochote, si ua, si choo. Alikuwa anaona haya kukwambia. Mimi ndiye nilikuwa pua yake. Yeye mikono, mimi pua."

Nilikumbuka maneno ya mwenye bucha: mke wangu akizigeuza mbavu, akizinusanusa, watu wakimsifu. Nikakumbuka kila jioni aliponiuliza, "Leo nanukia nini?" nami nikidhani ni mahaba. Miaka yote hiyo. Na mimi nilichukua pipa nikalipeleka mwisho wa ua, mbali na pua, nikaona nafanya wema.

Saa zilipita. Mvua ikapungua. Mara kwa mara sauti ilitoka: ongeza kipande, siyo kikubwa, weka bakuli la maji chini ya nyama, mafuta yasidondoke motoni, sasa moshi ni wa buluu?

"Hauonekani vizuri, mama."

"Ndio wenyewe. Uache ufanye kazi."

Kisha hakusema tena. Nilingoja. Nikaita, "Mama?" Hakuna. Nikaita tena. Bi Kengele alivua kanga yake ya kichwani, akaishika kifuani.

"Mama."

"Nini nawe? Niache, nanusa."

Jua lilipogeuka akasema, "Sasa ndiyo ufunue. Shika katikati kwa koleo, nyanyua. Inafanyaje?"

"Inainama pande zote mbili. Juu inapasuka kidogo, lakini haikatiki."

"Inainama kama nini?"

"Kama ngozi ya kondoo iliyolainika. Ya viatu vya mtoto."

"Toa."

Bi Kengele alimkalisha. Nilichambua mbavu mbili, nyama ikaachia mfupa yenyewe, nikazikata ndogo ndogo. Akaweka kipande mdomoni, akafumba macho. Sikusimama kama mtoto safari hii. Nilikaa chini sakafuni.

Alitafuna. Alimeza. Niliiona inashuka kwenye koo lile jembamba.

"Si zake," akasema.

"Si zake, mama."

"Chumvi imezidi."

"Imezidi."

Akanyoosha mkono kwenye sahani.

Alikula polepole sana, na machozi yakimtoka, bila kuyafuta, kama mvua inavyonyesha na jua limetoka. Kipande cha mwisho alikiweka chini, akaniangalia. Tangu mazishi hakuwa ameniangalia. Aliangalia kiuno changu.

"Huo mkanda umeutoboa mara ngapi?"

Nilivuta shati kuufunika.

"Bi Kengele, huyu mtu anakula nini?"

"Mimi namjulia wapi? Nimekuwa nachunga mmoja, kumbe ni wawili."

"Lete lile daftari la yule binti wa zahanati," mama akaniambia. "Andika na wewe. Lakini kwanza kaa hapa ule, na wewe mwenye mkaa kaa, mtu asile chumbani humu akiangaliwa."

Amekula: mbavu mbili.

Nimekula: tatu.

Bi Kengele: hakuhesabika.

Aprili 27

Amekula: uji, bakuli dogo. Amesema ni gundi.

Nimekula: uji uleule. Ni kweli.

Mei 24

Amekula: mbavu tatu, akilalamikia chumvi. Nimekula: nne.

Mvua zimekatika. Muuguzi amepima mkono, akapima tena. Nimefunua pipa leo kulipangusa, nikaacha. Ndani limeanza kuwa jeusi.